Ua la porini linalowavusha nyuki wa Marekani kipindi cha baridi

WAFANYABIASHARA wa maua nchini Kenya wanalifahamu solidago kama ua dogo la manjano la kujazia mashada yanayosafirishwa Ulaya. Lakini kwao Amerika ya Kaskazini, ambako kuna aina zinazokaribia 100, faida kubwa ya mmea huu hupatikana pembezoni mwa mashamba.

Huota wenyewe kandokando ya barabara, kwenye malisho na katika mashamba yaliyoachwa bila kulimwa. Aina iliyozoeleka, Solidago canadensis, huenea kwa mbegu na kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi. Huchanua kati ya Agosti na Oktoba, wakati maua mengi yamekwisha.

Hapo ndipo penye hesabu ya mfugaji wa nyuki. Kundi moja katika majimbo ya kaskazini huhitaji takriban kilo 30 hadi 40 za asali ili kuvuka baridi. Akiba isipotosha, mfugaji hulazimika kununua sukari ya kuwalisha. Asali ya ua hili huganda haraka, na inapoiva mzingani hutoa harufu ambayo wafugaji wenyewe huifananisha na soksi chafu. Mnunuzi asitishike, kwani harufu hiyo hupungua asali ikikomaa.

Wapo wanaoufyeka wakiamini unaleta chafya na mafua ya msimu. Mmea huu unasingiziwa. Chavua yake ni nzito, inanata na hubebwa na wadudu. Mkosaji ni ambrosia, gugu linalochanua wakati huo huo na ambalo chavua yake hupeperushwa na upepo. Anayefyeka mwezi Agosti anawanyima nyuki chakula bila kujiponya mafua.

Hata pasipofyekwa, hali si ile ya zamani. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliopima sampuli za makumbusho, za zamani zaidi zikiwa za mwaka 1842, walibaini kuwa protini katika chavua ya Solidago canadensis imeshuka kutoka takriban asilimia 18 hadi 12, huku hewa ya ukaa ikiongezeka angani. Nyuki hutegemea protini hiyo kulea watoto na kujenga mwili.

Mkulima anayeupanda nje ya kwao naye awe mwangalifu. Nchini China, ulikopelekwa mwaka 1935 kama pambo, umegeuka gugu sugu. Mashina ya chini yanayong'olewa yasitupwe mtoni wala kwenye mboji, maana kipande kidogo tu huchipua.