Vitz Yako na Ekzosi ya Subaru: Kelele Mob, Nguvu Zii

Buda, kabla upeleke ndai Grogan ifungwe ekzosi kubwa, skia hii kwanza.

Injini ya Vitz ya 1000cc hutoa moshi kidogo. Kwa paipu nyembamba, huo moshi hutoka mbio, na hizo mbio ndizo husaidia kuvuta ule umebaki kwa silinda ndio hewa mpya iingie poa. Ukiweka paipu ya inchi 3, moshi unapoa na kutembea pole pole. Sasa ndai inalemewa ukitoka kwa taa ama ukipanda mlima na mabeshte wanne. Unakanyaga zaidi, mafuta inaisha haraka.

Subaru WRX ya 2000cc ni story ingine. Iko na turbo, na turbo hupenda moshi ikitoka bila kuzuiliwa.

Fundi akitaka kukata katalitiki pia, kataa. Ndani iko na madini ya bei kama platinamu, so anaeza uza yako na bado umlipe.

Ka ni sauti tu unataka, badilisha sailensa ya nyuma, paipu ibaki saizi yake. Doo ikibaki, nunua plagi mpya.