Kumbukumbu ya Seva Inapovuja: Kwa Nini Mfumo Hufungwa ili Utengenezwe

Katika ofisi za vijiji na kata, mwananchi anayefuata huduma hukutana mara kwa mara na kauli fupi: "Mfumo uko chini." Kwa mkazi wa Ololosokwan kauli hiyo ina gharama. Aliyesafiri hadi Wasso kufuatilia leseni ya biashara, kupata ankara ya ushuru au kuulizia ombi la mkopo wa kikundi, hulazimika kulipa nauli nyingine na kupoteza siku ya pili ya kazi. Ni haki yake kujua ni nini hutokea, na kwa nini wakati mwingine mfumo hufungwa kwa makusudi.

Sababu za mfumo kutopatikana ni nyingi. Makala haya yanaeleza mojawapo, ambayo wataalamu wa TEHAMA huiita uvujaji wa kumbukumbu, hasa inapotokea katika seva inayobeba mifumo mingi kwa pamoja. Yanaeleza pia jinsi hitilafu hiyo inavyoondolewa kwa kuhuisha programu za seva, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyazingatia wakati kazi hiyo inaendelea.

Neno linaloweza kupotosha

Katika Kiswahili cha kila siku, kumbukumbu ni rekodi: kumbukumbu za kikao, kumbukumbu za mgonjwa, kumbukumbu namba ya malipo. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba kumbukumbu ya seva inavuja, ni rahisi kudhani kuwa jina lake, namba yake ya simu au taarifa za ugonjwa wake zimetoka nje na kuonwa na wasiohusika. Sivyo. Kuvuja kwa taarifa binafsi ni jambo jingine kabisa, na ulinzi wa taarifa hizo umewekewa Sheria Na. 11 ya mwaka 2022. Katika uvujaji tunaouzungumzia hapa, hakuna taarifa inayotoka nje. Kinachopungua ni nafasi ya kompyuta ya kufanyia kazi.

Kompyuta ina hifadhi za aina mbili. Ya kwanza ni hifadhi ya kudumu, yaani diski. Humo ndimo rekodi zinamowekwa, nazo hubaki hata umeme ukikatika. Ya pili ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM. Hii ni mahali ambapo kompyuta huweka jambo inalolishughulikia kwa wakati huo. Kila ombi linapofika, programu huazima sehemu ya kumbukumbu hiyo; kazi ikiisha, huirudisha ili itumiwe na ombi linalofuata. Uvujaji hutokea pale programu yenye kasoro inapoazima bila kurudisha.

Tuchukue mfano wa mnada wa mifugo. Tuseme uwanja una mazizi 100 na karani mmoja langoni. Mfugaji akiingia, karani humpa zizi na kuliandika daftarini. Akishauza na kuondoka, karani hulifuta ili apewe mwingine. Sasa tuseme karani husahau kufuta zizi moja kwa kila wafugaji 10. Siku ya kwanza hakuna atakayegundua. Lakini wafugaji 1,000 wakishapita, minada kadhaa baadaye, daftari litaonyesha kuwa mazizi yote 100 yamejaa, ilhali uwanjani ni matupu. Mfugaji anayefuata atarudishwa langoni pamoja na mifugo yake kwa sababu tu daftari linasema hakuna nafasi.

Hivyo ndivyo seva inavyofikia kukataa kazi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa, mfumo hukwama.

Mwenyeji mmoja, wapangaji wengi

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Mifumo ya pamoja ya serikali za mitaa, ukiwamo TAUSI unaotumika katika ukusanyaji wa mapato na utoaji wa leseni, haikai ndani ya kompyuta iliyo juu ya meza ya afisa. Afisa huifikia kwa njia ya mtandao, kama mwananchi anavyofikia benki kwa simu yake. Viwango na usimamizi wa TEHAMA serikalini viko chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019.

Zamani kila mfumo uliwekewa seva yake. Njia hiyo ilikuwa ghali, kwa kuwa seva nyingi zilikaa bila kazi ya kutosha huku zikitumia umeme. Wazo la kuigawa kompyuta moja kubwa ifanye kazi kama kompyuta kadhaa lilianza katika kampuni ya IBM ya Marekani miaka ya 1960, na leo ni desturi katika vituo vya data duniani kote. Seva yenyewe huitwa seva mwenyeji; kila sehemu iliyogawiwa huitwa mashine pepe. Mwenyeji ni kama nyumba ya kupanga: mpangaji mmoja anaweza kuwa mfumo wa leseni, mwingine barua pepe, mwingine mfumo wa taarifa za afya.

Faida ya mpango huo ni kubwa, lakini una udhaifu wake. Mpangaji mmoja akiwa na kasoro ya uvujaji, kwa kawaida huumia peke yake, kwa sababu amewekewa kiwango cha kumbukumbu asichoweza kukivuka. Kasoro ikiwa ndani ya programu ya mwenyeji, anayewagawia wengine wote, wapangaji wote huathirika kwa pamoja. Kumbukumbu inapokaribia kwisha, mwenyeji huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole sana ikilinganishwa na RAM. Hapo ndipo ukurasa mmoja huchukua dakika kadhaa kufunguka. Hali ikizidi, mwenyeji huzima baadhi ya mashine pepe ili ajiokoe, au hukwama kabisa.

Dalili zake

Si kila "mfumo uko chini" husababishwa na seva. Umeme ukikatika, ofisi nzima hulijua. Intaneti ikikatika, hakuna kinachofunguka, kama ilivyotokea tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zinazohudumia Afrika Mashariki zilipopata hitilafu na mawasiliano ya intaneti kuzorota katika sehemu kubwa ya Tanzania.

Uvujaji wa kumbukumbu una mwenendo tofauti. Intaneti ni nzima na kurasa nyingine zinafunguka, lakini mfumo fulani unazidi kuwa mzito siku hadi siku. Ukizimwa na kuwashwa upya, huwa mwepesi kama mpya. Baada ya siku au wiki kadhaa, uzito hurudi. Kuzima na kuwasha hufuta daftari la karani, lakini karani ni yuleyule na usahaulifu wake ni uleule. Kuongeza RAM nako ni kuongeza mazizi: siku ya kujaa husogezwa mbele, ila haifutwi. Dawa ni kuirekebisha programu inayosahau, yaani kuweka toleo jipya ambalo kasoro hiyo imeondolewa.

Funzo kutoka London, 1992

Hatari ya kuipuuza kasoro ndogo ya namna hii ilionekana nchini Uingereza. Mwaka 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia mfumo wa kompyuta kupokea simu na kuyatuma magari. Mwishoni mwa Oktoba mfumo huo ulielemewa kwa sababu nyingine. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba, baada ya saa nane, ulianza kuzorota na hatimaye ukagoma kabisa. Jaribio la kuuwasha upya halikufanikiwa, na seva ya akiba haikushika nafasi yake. Wapokeaji simu walirudi kwenye karatasi.

Uchunguzi ulibaini kuwa kipande kidogo cha programu kilikuwa kimeachwa ndani ya seva takriban wiki tatu kabla. Kila gari lilipotumwa, kipande hicho kilishika kumbukumbu kidogo na hakikuirudisha. Gari moja halikuleta tofauti. Magari ya wiki tatu yalimaliza kumbukumbu yote.

Mambo mawili ya kujifunza hapa yanatuhusu hata sisi. Kwanza, kiwango cha kumbukumbu kinapaswa kuangaliwa kila siku, si mpaka seva ikwame. Pili, kila huduma inayotegemea kompyuta lazima iwe na utaratibu wa karatasi unaojulikana na watumishi, kwa ajili ya saa ambayo kompyuta haipo.

Jinsi kazi ya kuhuisha inavyofanyika

Kuhuisha seva mwenyeji ni kazi ya hatua, na kila hatua ina sababu yake.

Kwanza huchukuliwa nakala rudufu za mifumo yote, na nakala hizo hujaribiwa ili kuhakikisha kuwa zinaweza kurejeshwa. Nakala isiyojaribiwa haiwezi kutegemewa.

Pili, mashine pepe huhamishwa kutoka seva inayohuishwa kwenda seva nyingine. Panapokuwa na seva mbili au zaidi zilizounganishwa vizuri, uhamisho huu unaweza kufanyika mfumo ukiwa kazini, na mtumiaji asihisi chochote isipokuwa kusita kwa muda mfupi sana. Palipo na seva moja tu hakuna pa kuhamia, na mfumo hauna budi kufungwa.

Tatu, seva iliyobaki tupu huwekewa toleo jipya na kuwashwa upya. Nne, mashine pepe chache zisizo nyeti hurudishwa kwanza, na matumizi ya kumbukumbu hufuatiliwa kwa siku kadhaa. Yakipanda na kushuka kulingana na kazi, tiba imefaulu. Yakipanda tu bila kushuka, kasoro bado ipo. Baada ya hapo ndipo seva ya pili hushughulikiwa. Kuharakisha na kuhuisha zote kwa siku moja ni kujinyima pa kurudia endapo toleo jipya nalo litakuwa na kasoro.

Mwananchi anaweza kuuliza: kwa nini mfumo ufungwe wakati leo unafanya kazi? Jibu liko katika tofauti kati ya kufungwa na kukwama. Mfumo unaofungwa kwa utaratibu hukamilisha kwanza maombi yaliyo mkononi, huyaandika kwenye diski, kisha husimama. Mfumo unaokwama ghafla huweza kuyaacha njiani: kikundi kilichokuwa kikiwasilisha ombi la mkopo, au mfanyabiashara aliyekuwa akiomba leseni, huenda akalazimika kuanza upya. Saa chache zilizotangazwa humwondolea hasara hiyo.

Lakini hoja hiyo inasimama tu ikiwa tangazo limetolewa mapema. Saa za matengenezo hazipaswi kuangukia siku ya mnada, wala siku ya mwisho ya kupokea maombi ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tangazo lifike kwenye mbao za ofisi za vijiji, na lisomwe pia kwa mdomo, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, ili wasiosoma wasiwe wa mwisho kujua.

Mambo ya kuzingatia mfumo usipopatikana

*Uliza kabla ya kusafiri.* Piga simu kwa mtendaji wa kijiji au wa kata ujue kama huduma unayoifuata inapatikana siku hiyo.

*Usilipe fedha taslimu bila stakabadhi.* Mfumo kuwa chini si kibali cha mtu yeyote kupokea ushuru mkononi kwa ahadi ya kuuingiza baadaye. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, ambayo wengi huiita kontroo namba. Ina tarakimu 12 na huanza na 99. Hulipwa kupitia benki, wakala au simu. Kama namba haiwezi kutolewa leo, subiri itolewe.

*Usilipe mara mbili.* Ikiwa fedha imekatwa kwenye simu lakini ofisi haioni malipo, hifadhi ujumbe wa uthibitisho na uwaonyeshe wahusika. Malipo yanaweza kuchelewa kuonekana bila kupotea.

*Mgonjwa hasubiri seva.* Katika zahanati na vituo vya afya, vitabu vya MTUHA na kadi za karatasi vipo. Mgonjwa ahudumiwe na kuandikwa humo; taarifa zitaingizwa kwenye kompyuta baadaye.

*Toa taarifa yenye maelezo.* Ukisema tu kwamba "mfumo ni mbovu", fundi hana pa kuanzia. Taja siku na saa, huduma uliyokuwa ukiitafuta na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Taarifa kama hizo kutoka vijiji mbalimbali, zikiwekwa pamoja, ndizo huonyesha kama uzito unarudi kila baada ya muda fulani, na kwa hiyo kama kuna uvujaji.

Huduma za kidijitali hutumia mitambo, na mitambo huhitaji matengenezo kama josho, kisima au barabara. Mwananchi asiwe na hofu akisikia kwamba kumbukumbu ya seva inavuja. Taarifa zake ziko mahali pake. Lakini mfumo ule ule ukizimwa na kuwashwa kila wiki, ana haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji au kwa diwani wake: je, kasoro yenyewe imerekebishwa, au daftari limefutwa tu?