Watoto wanacheza bondeni? Hamisha uwanja, acha mafunjo

Likizo ya Juni ikifika, mzazi wa Kamuli hahitaji kuuliza watoto wamekwenda wapi. Mvua za masika zimekatika, maji ya bondeni yamerudi nyuma, na ukingo wa kinamasi uliokuwa tope mwezi Aprili sasa ni uwanja wa chandimu. Mpira ni wa majani makavu ya mgomba, magoli ni mawe mawili. Jasho likiwazidi, wachezaji wote wanajitupa majini.

Kule Canada msimu wa mchezo huja kinyume na kwetu: baridi hugandisha mabwawa, nao watoto huteleza juu ya barafu wakicheza hoki. Tangu mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wilfrid Laurier wamekuwa wakiwaomba wenye viwanja vya barafu majumbani waseme ni siku zipi barafu inafaa kuchezea, ili wafuatilie mabadiliko ya majira ya baridi. Anayecheza mahali kila mwaka ndiye anayeona mapema kwamba pamebadilika. Hata mwanao anajua konokono wamejaa upande gani wa bwawa. Muulize.

Ni vizuri kujua, kwa sababu kichocho hupitia kwa konokono hao. Mtu mwenye minyoo hiyo akijisaidia majini au karibu na maji, mayai huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono, hukua, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga. Huchukua dakika chache tu, na mtoto hahitaji kunywa maji hayo. Katika Kanda ya Ziwa aina iliyozoeleka zaidi ni ile ya tumbo: maumivu, kuhara, mara nyingine damu kwenye haja kubwa, na isipotibiwa kwa miaka, ini na wengu huvimba. Kwenye udongo wenye unyevu ambako watu hujisaidia ovyo, miguu mitupu nayo hukaribisha safura.

Hapo ndipo wazee wengi husema, “Basi tukate mafunjo, tukaushe bonde, watoto wapate uwanja wa kweli na mbu waondoke.” Nakuomba usikubali haraka. Mbu wa malaria anayejulikana sana kwetu hapendi kivuli cha mafunjo mengi. Hutaga kwenye vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, hata kwenye alama ya kwato za ng’ombe. Ukifyeka na kuchimba mitaro unamtengenezea vidimbwi hivyo kwa mamia. Huko Kabale, Uganda, kwenye vilima visivyo mbali na vyetu, watafiti walilinganisha vijiji vilivyo jirani na vinamasi vyenye mafunjo na vile vilivyo jirani na vinamasi vilivyolimwa. Matokeo yao ya mwaka 2000 yalionyesha kuwa penye kilimo joto lilikuwa juu zaidi, na kadiri usiku ulivyokuwa na joto ndivyo mbu walivyoongezeka ndani ya nyumba.

Tena mafunjo huzuia udongo na mbolea inayoshuka kutoka mashambani. Yakiondoka, mbolea hiyo hulisha ukoka wa majini, ambao ni chakula cha konokono. Kwa hiyo uwanja uliopatikana kwa kukausha kinamasi unaweza kumrudisha mwanao zahanati kwa njia mbili.

Ombeni serikali ya kijiji eneo la uwanja mlimani, hata kama limeinama kidogo (watoto watabadilishana upande, hawana shida na hilo). Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa, kwa hiyo mna pa kuanzia mazungumzo. Chimbeni choo karibu na uwanja, maana bila choo mtoto atateremka vichakani. Wekeni pipa la maji ya kunawa. Yakichotwa bwawani, myachuje konokono wasiingie, kisha yakae siku mbili kabla ya kuyatumia. Vijidudu vya kichocho hufa vikikosa ngozi ya kupenya. Kwa kunywa, chemsha.

Na kama mwanao ameshaoga bondeni likizo hii? Kujifuta kwa taulo hakutoshi kumkinga. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga huiponyoka, hivyo akipewa siku mbili baada ya kuogelea inaweza isisaidie. Mpeleke apimwe choo wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kuingia majini, na umweleze mhudumu kwamba alikuwa akioga bwawani. Akiona damu chooni au akipata homa, usisubiri wiki hizo. Nenda siku hiyo hiyo. Dawa zikigawiwa shuleni, mruhusu ameze, ila ale kwanza, kwa kuwa tumbo tupu huzidisha kichefuchefu.