Kusafisha Damu: Kuruka Kikao Kimoja ni Hatari

Mgonjwa ambaye figo zake zimefeli huwa na miadi ya kusafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki. Wengi wanaoikosa hawapendi. Nauli imepungua, mvua imeharibu barabara, au mchango wa bima ya afya haujalipwa, na mgonjwa anaamua kungoja zamu ijayo. Huenda siku hiyo anajisikia vyema kabisa, na hali hiyo ndiyo humdanganya.

Figo zenye afya huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kila siku, mchana na usiku. Karibu yote hurudi mwilini. Taka na maji ya ziada hutoka kama mkojo. Mashine hufanya sehemu tu ya kazi hiyo, kwa muda wa saa nne hivi kila kikao. Damu hutolewa mwilini kidogo kidogo, hupitishwa kwenye chujio na kurudishwa ikiwa safi. Kikao kimoja hutumia kama lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee, kwa hivyo kitengo hiki hakiwezi kufunguliwa popote tu palipo na kitanda na umeme.

Kikao kikirukwa, maji hubaki mwilini. Miguu na uso huvimba, na mgonjwa akilala chali hukosa pumzi. Kibaya zaidi ni potasiamu, madini ambayo figo zikifeli hurundikana katika damu na yanaweza kusimamisha moyo ghafla, bila dalili za kutosha kumwonya mtu. Ndizi, maparachichi, machungwa, viazi na maharagwe yana potasiamu nyingi. Si lazima jikoni pafungwe: viazi vikikatwa vipande vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji hayo yakamwagwa, madini hayo hupungua. Mtaalamu wa lishe hospitalini humpangia kila mgonjwa kiasi chake.

Anayetarajiwa kutumia mashine kwa muda mrefu hufanyiwa upasuaji mdogo mkononi unaoitwa fistula, ambapo mishipa miwili ya damu huunganishwa. Huchukua wiki kadhaa kukomaa, hivyo ni vyema kuutayarisha mapema kuliko kutegemea mpira wa shingoni, ambao huingiza viini kwa urahisi. Mkono wenye fistula haupimwi presha wala kutolewa damu ya vipimo. Mgonjwa ana haki ya kumkumbusha mhudumu yeyote.

Ipo pia njia ya kusafisha damu nyumbani. Mpira mwembamba huwekwa tumboni, na dawa ya maji, kwa kawaida lita 2, huingizwa na kukaa humo saa kadhaa ikivuta taka kutoka kwenye damu. Kisha humwagwa na nyingine kuingizwa, takriban mara nne kwa siku. Huokoa safari, lakini hudai chumba safi, mikono iliyonawiwa kwa sabuni na mahali pakavu pa kuhifadhia dawa. Maji yakitoka tumboni yakiwa na ukungu, hiyo ni dalili ya maambukizi, na mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia Sh10,650 kwa kikao. Asiye na ajira rasmi hulipa mchango wa mwaka mzima, na anayechelewa huweza kujikuta mlangoni bila bima. Usajili hufanywa kwa simu kupitia *147#.

Aliyekosa kikao asingoje zamu yake ijayo. Apigie kitengo simu siku hiyo hiyo ili atafutiwe nafasi. Akilegea misuli, moyo ukienda mbio au pumzi zikimpungukia, apelekwe moja kwa moja kwenye idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane.