Samaki Hachinjwi

Msomaji wetu wa Lamu au wa Mji wa Kale, ukiambiwa nenda bara ukale kwa Wajaluo, swali lako la kwanza halitakuwa chakula gani. Litakuwa nani kachinja. Swali hilo nimelibeba toka Mombasa hadi Katito.

Katito ni soko la njia panda katika nchi ya Nyakach. Ukitoka Kisumu, mji uliozaliwa na reli ilipofika ziwani mwaka 1901, wafika Ahero penye mashamba ya mpunga wa kumwagilia maji, kisha washika njia ya Sondu. Hapo Katito njia nyingine huchepuka kwenda Kendu Bay, ambako Waislamu wana msikiti wao tangu zamani. Lishike hilo.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, ni Mkristo. Kwa Mjaluo, mgeni wa heshima asiyechinjiwa kuku hakukaribishwa. Udhuru wangu nilikuwa nimeshautunga njiani, kwa adabu zote. Kumbe haukuhitajika. "Mzee, usiwe na wasiwasi," akaniambia, "muuza nguo wa hapa sokoni ni mtu wa Kendu, wa dini yako. Amechinja yeye, kwa kisu chake. Na sufuria tumenunua mpya." Sufuria mpya! Sijui wangapi kwetu tungejisumbua hivyo kwa mgeni asiye wa dini yetu.

Mama yake, bibi mwenye miaka mingi, aliniita "ja-Mombasa", yaani mtu wa Mombasa, akanimiminia maji ya kunawa. Kuku mwenyewe hakumgusa. Mila ya kale ilimkataza mwanamke kuku, naye hakuona sababu ya kubadilika uzeeni. Wajukuu wake wa kike walikula bila hata kumtazama.

Lakini samaki hachinjwi, na kwa samaki ndipo nilipotulia. Ngege mzima, kachemshwa kwa nyanya na kitunguu, hana tui, hana bizari. Kando yake kuon, ambayo ndiyo sima, ngumu ya kukatika kwa kidole. Nilidhani nitaitamani nazi, wallahi sikuikumbuka. Palikuwa na osuga, ndio mnavu wetu, na dek, mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa hata uchungu ukalainika. Hiyo ya mwisho yataka mazoea.

"Huyu ngege ni bahati yako," alisema mwalimu. Miaka ya 1950 ziwa lilitiwa mbuta, samaki mkubwa mla wenzake, na samaki wengi wa asili wakapungua, wengine wakatoweka kabisa. Viwanda vikajengwa kando ya ziwa, minofu ya mbuta ikasafirishwa Ulaya. Siku hizi masoko ya Kisumu huuza hata ngege waliogandishwa kutoka China, na ziwa li pale pale, laonekana.

Wenye ziwa wakabakiwa na kichwa na mifupa. Mtaani Obunga, Kisumu, wanawake huikaanga katika mafuta mengi na kuiuza kwa jina la "mgongo wazi". Nilinunua mmoja nilipokuwa narudi. Mtamu, kwa kile kidogo kilichoambatana na uti. Mama muuzaji akaniona nageuzageuza natafuta nyama, akacheka.

"Nyama imepanda ndege, baba," akasema, akanifungia wa pili katika gazeti.