Unyoya Unaopumua Majini

Msomaji mmoja wa Nyeri ametuma picha na swali. Pichani kuna chambo cha kuvulia trauti, chenye urefu wa punje mbili za mchele hivi: ndoana, uzi wa hariri wa rangi ya chungwa, na shingoni nyuzi chache za unyoya wa kwale zilizolegea. "Hiki kimekamilika kweli," anauliza, "au fundi aliishiwa na manyoya?"

Kimekamilika, na kina ukoo. Mskochi W. C. Stewart alivisifu vyambo vya manyoya laini katika The Practical Angler mwaka 1857, na mwaka 1885 T. E. Pritt akachapisha kitabu cha vile vya Yorkshire. Trauti wenyewe waliletwa kutoka Uskochi hadi mto Gura mwaka 1905, na kwa miongo mingi sasa Kenya hufunga vyambo na kuviuza Ulaya na Marekani. Hayo yanatosha kwa historia.

Mdudu anayeigwa na chambo hiki ni wa oda ya Efemeroptera. Wapo wanaomwita kumbikumbi kwa sababu huruka kwa makundi, lakini kumbikumbi ni mchwa na hutoka ardhini. "Mdudu wa siku moja" ni jina zuri, ila linamsingizia: siku moja ni ya mwenye mabawa tu, asiyekula chochote. Kabla ya hapo huwa ameishi mtoni kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima, akiwa mchanga. Vitabu vya shule humwita nimfa katika hatua hiyo. Lakini Kiswahili tayari kina tunutu, neno lililovuma tena mwaka 2020 nzige wa jangwani walipovamia na wakulima wakawa wanatazama wachanga wao wasioweza kuruka. Kama tunutu anaweza kutembea shambani, hakuna cha kumzuia kuogelea.

Siku yake ikifika, tunutu hupanda kutoka chini ya mawe hadi juu. Huko hukutana na utando wa maji, ambao kwa mdudu mdogo ni dari hasa. Hujining'iniza chini yake, ngozi ya mgongo ipasuke, miguu na mabawa yachomoze. Kwa muda huo hawezi kukimbia, na trauti anajua.

Sasa turudi kwa unyoya, unaoiga miguu na mabawa hayo. Ukitazamwa kwa lenzi, kila uzi wa unyoya wa kwale umejaa vijinyuzi na ni mlegevu. Ule wa shingo ya jogoo una vijinyuzi vichache, ni mkavu na mgumu. Ndiyo maana hutumika kwa vyambo vya kuelea. Mtu wa pwani anaijua tofauti hii kwa macho. Kuti la mnazi likipigwa na kusi hujikunja, majani yote yakalala upande mmoja. Upepo ukipumzika kidogo, hufunguka. Lichambue kuti hilohilo, ubakize chelewa, ufunge fagio: upepo upite, usipite, fagio ni fagio. Chambo cha jogoo ni chelewa. Chambo cha kwale ni kuti zima, na mto ni kusi isiyotulia, kwa sababu maji hupinda nyuma ya kila jiwe, hukaza mshipi, kisha huulegeza. Yakikaza, nyuzi hulala juu ya mwili wa chambo; yakilegea, husimama tena. Hulala, husimama. Chambo kinapumua.

Hesabu yake inavutia. Kitu kigumu kikipitiwa na maji yenye kasi maradufu, nguvu inayokisukuma huongezeka mara nne hivi. Kinachojikunja hukwepa sehemu ya gharama hiyo. Steven Vogel wa Chuo Kikuu cha Duke aliweka majani ya miti katika handaki la upepo, na mwaka 1989 akaeleza jinsi yanavyojisokota kuwa koni kasi inapozidi. Fundi hufanya fizikia hiyohiyo kwenye jiliwa kwa kuuzungusha unyoya mara moja au mbili tu. Akizungusha mara tano, nyuzi hubanana, hazina pa kulala, na chambo hugeuka brashi. Uchache ule kwenye picha ndio ufundi wenyewe.



Msomaji asiye na mto karibu atafute unyoya wa shingo ya jogoo na mwingine wa tetea. Azisugue nyuzi kuelekea kwenye shina hadi ziachane, achovye kila mmoja katika glasi ya maji, kisha aupandishe na kuushusha taratibu. Wa jogoo utakata maji tu. Autazame wa tetea.