Mwili uko Baraka, moyo uko wapi?

Somo: Luka 10:38-42



Jumapili tunakuja ibadani. Tunaimba, tunapiga makofi, tunafunga macho. Lakini tukijiuliza kwa ukweli, ni wangapi kati yetu tuko pale? Mmoja anahesabu deni lake la sokoni. Mwingine yuko ziwani na wavu wake. Mwingine masikio yake yako mlimani, upande wa Fizi, anasikiliza kama kuna mlio wa bunduki. Mwili uko kanisani, moyo uko safarini.

Leo tunataka kueleza jambo moja: kukaa na moyo pale mwili ulipo. Maana yake ni kuangalia unachofanya wakati unakifanya, na kila moyo unapotoroka, kuurudisha kwa upole.

Kuna wanaouliza: hili si jambo la dini nyingine? Ni kweli, kuna dini za Asia zinazofundisha kutafakari kwa njia yao, na madaktari wa Ulaya na Marekani wamechukua sehemu yake ili kusaidia watu wenye maumivu na wasiwasi. Sisi hatutafuti kichwa kitupu. Tunaurudisha moyo kwa sababu Mungu anakutana na sisi leo.

Tuangalie Martha. Bwana hakumkemea juu ya kupika. Hata Yeye alikuja kula. Alimwonyesha kwamba moyo wake umegawanyika katika mambo mengi, hata mgeni aliye mbele yake hamwoni tena. Tukumbuke pia mana katika Kutoka 16. Waliyoilaza mpaka asubuhi ilioza. Neema ya kesho haiwekwi akiba leo.

Moyo wetu hautoroki bure. Mwaka 1996 wengi wetu tulivuka ziwa Tanganyika, tukaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, tukarudi, na wengine tukakimbia tena. Vita vilifundisha mwili kukaa macho usiku na mchana. Kukaa macho kulituokoa. Lakini leo kunatuibia hata saa za amani. Mmoja wetu hapa redioni alikuwa mezani na binti yake, mtoto anasimulia mambo ya masomo, baba anajibu "ndiyo, ndiyo". Mtoto akanyamaza, kisha akauliza: "Baba, wewe uko hapa?" Bugali ulipoa mbele yake, hakuwa na jibu.

Tufanye nini? Hatuhitaji mlima wala siku ya pekee. Tuanze na kazi tulizo nazo.

1. Pumzi. Mungu alimpulizia mtu pumzi ya uhai (Mwanzo 2:7). Kabla ya kuwasha moto ya kubeba abiria, kabla ya kufungua kibanda chako, vuta pumzi tatu polepole, na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mapigo ya moyo yanatulia. Sema asante kwa kila moja.

2. Kazi ya mikono. Mama, ukitwanga sombe, sikia mchi unavyoanguka, sikia harufu ya majani mabichi, ona mawese yanavyobadilisha rangi ya chungu. Mawazo ya deni yakija, usipigane nayo. Yaweke mbele za Bwana, rudi kwenye mchi.

3. Kungoja. Mvuvi wa ndakala anawasha taa usiku na kungoja samaki wakusanyike. Hawezi kuwaharakisha. Anaangalia maji. Nasi tukingoja zamu kwenye bomba au kwa muuguzi, tungoje hivyo, bila kukimbilia simu.

4. Kusikiliza. Mtu akisema na wewe, weka chini ulichoshika, mtazame, mwache amalize. Mara nyingi hilo ndilo tendo la upendo alilokosa siku nzima.

5. Maombi. Kabla ya kupaza sauti, tunyamaze kidogo. Eliya alipita upepo, tetemeko na moto, ndipo akasikia sauti ndogo (1 Wafalme 19). Sisi Wapentekote tunajua kuomba kwa nguvu, na ni vizuri. Tujifunze pia kusikia.

Neno kwa walioumizwa. Kuna ndugu na dada ambao wakinyamaza tu, picha za vita zinarudi. Ukiwa mmoja wao, usijilazimishe. Fungua macho, kanyaga udongo kwa miguu yote miwili, taja vitu vitano unavyoviona, ita mtu akae nawe. Picha zisipokuacha, mwambie mchungaji au muuguzi. Hiyo si imani haba. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, ya kanisa la CEPAC, tangu 1999 inatibu waliojeruhiwa, na haitibu mwili tu. Inahudumia na majeraha ya moyo. Mungu anaponya kwa njia nyingi.

Juma hili kila mmoja achague jambo moja tu kati ya haya matano, alifanye kila siku. Moyo utatoroka mara kumi. Uurudishe mara kumi. Kurudi huko ndiko mazoezi yenyewe. Na jioni mtoto akiuliza kama uko hapa, uweze kumjibu: "Niko hapa, mwanangu. Endelea."

Bwana, tukusanye mioyo yetu iliyotawanyika, tukuone katika siku ya leo. Amina.